Mtoto Aliyewapita Wenzake kwa Hesabu



Juma hili napenda tuzungumze habari za yule mtoto ambaye mwalimu akimaliza kuandika hesabu ubaoni, yeye amekwisha kupata jibu. Wenzake wangali wanahesabu vidole, naye ameweka kalamu chini, anatazama dirishani. Karibu kila shule anaye mmoja au wawili wa namna hiyo. Je, tumfanyie nini? Tumwache awangoje wenzake, au tumrushe darasa?

Swali hili si dogo. Mtoto akingojeshwa mwaka hata mwaka, huchoka. Wengine huanza utundu, wengine hujifunza uvivu, kwa kuwa hawajapata kuona kazi inayowatoa jasho. Na akiwa binti, mara nyingi hutumwa kuchota maji au kufagia ofisi ya walimu, kwa sababu amekwisha kumaliza hesabu zake. Basi malipo ya akili yake ni ufagio. Lakini mtoto akirushwa bila kupimwa, aweza kufika darasa la juu bila msingi, akaanguka, akakata tamaa. Wazee wetu walituachia methali mbili: Haraka haraka haina baraka, na tena, Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Zote mbili ni kweli. Kazi yetu ni kujua ni ipi inayomfaa mtoto huyu, mwaka huu.

Kwanza tuulizane: Ni nani anayetaka mtoto asogezwe mbele? Wazazi huja ofisi ya parokia kutafuta cheti cha ubatizo, ili umri wa mtoto ujulikane shuleni. Wapo ambao huniuliza kwa sauti ya chini kama mwaka mmoja hauwezi kuongezwa, ili mtoto aanze mapema au arushwe darasa. Hauwezi. Daftari la ubatizo haliandikwi upya kwa ajili ya sifa za mtu. Tena, mtoto mwenye kipaji cha kweli hahitaji uongo huo, maana kipaji chake chaweza kupimwa mchana kweupe.

Sikiliza habari za mtoto mmoja wa Australia. Terence Tao alizaliwa mwaka 1975 katika mji wa Adelaide. Baba yake alikuwa daktari wa watoto, na mama yake aliwahi kufundisha Hesabu na Fizikia huko Hong Kong. Mtoto huyu alijua kusoma na kujumlisha kabla ya umri wa shule. Wazazi wake walijaribu kumpeleka shuleni akiwa na miaka mitatu na nusu. Wakaona bado hawezi kukaa na watoto wakubwa, wakamrudisha nyumbani. Hawakuona haya. Alianza tena alipofika miaka mitano.

Hapo ndipo yalipo mafunzo kwetu. Hawakumsukuma mbele kwa masomo yote pamoja. Walipatana na walimu kwamba kila somo alisome katika darasa linalomfaa. Kwa hesabu alitangulia mbali, hata akaanza kuhudhuria masomo ya hesabu ya shule ya sekondari angali mdogo sana, na kwa masomo mengine alikaa na watoto waliomkaribia kwa umri. Akiwa na miaka tisa alianza masomo ya hesabu ya Chuo Kikuu cha Flinders, lakini hakuingia chuoni moja kwa moja mpaka alipofika miaka kumi na minne. Mwaka 1988, alipokuwa akitimiza miaka 13, alipata nishani ya dhahabu katika mashindano ya kimataifa ya hesabu ya wanafunzi. Mwaka 2006 alipewa Nishani ya Fields, heshima kubwa kabisa miongoni mwa wanahesabu.

Utasema, huyo ni mmoja katika mamilioni. Ni kweli, wala sitaki baba yeyote amtazame mwanawe leo jioni akimwona Terence Tao. Lakini njia waliyoifuata wazazi wale yawafaa hata watoto wa kawaida walio wepesi: wapime, wajaribu, wawe tayari kurudi nyuma, wasogeze somo moja badala ya mtoto mzima.

Je, apimwe vipi? Katika mji wa Baltimore, Marekani, Profesa Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alianza mwaka 1971 kuwatafuta watoto wenye kipaji cha hesabu. Aliona kwamba mtihani wa darasa lao hausemi kitu, kwa sababu wote hupata alama za juu kabisa. Kwa hiyo aliwapa watoto wa miaka kumi na miwili na kumi na mitatu mtihani wa hesabu uliowekwa kwa vijana wanaotaka kuingia chuo kikuu. Hapo tofauti zikaonekana. Watoto hao walifuatwa miaka mingi hata utu uzima, na wengi wa wale waliosogezwa mbele hawakujuta.

Nasi twaweza kufanya hivyo bila gharama. Mtoto wa darasa la tatu akiwa na mia kwa mia, mwombe mwalimu ampe mtihani wa mwisho wa mwaka wa darasa la nne. Akishinda vizuri, ampe wa darasa la tano. Akishindwa, utajua mahali aliposimama, na hakuna aliyepoteza kitu.

Lakini jihadhari na jambo moja: kukariri si kuelewa. Mwulize mtoto, robo tatu ukigawanya kwa nusu utapata ngapi? Aliyekariri atageuza sehemu ya pili, atazidisha, atakuambia moja na nusu. Amepata. Sasa mwulize, moja na nusu ya nini? Hapo wengi hunyamaza. Mletee vipimo vya wazee. Pishi moja ni vibaba vinne. Basi robo tatu ya pishi ni vibaba vitatu, na nusu ya pishi, yaani kisaga, ni vibaba viwili. Katika vibaba vitatu mna visaga vingapi? Kisaga kimoja na nusu yake. Mtoto akiweza kukueleza hayo kwa maneno yake mwenyewe, ameelewa. Asipoweza, asirushwe bado, hata akiwa mwepesi kama swala. Hesabu ni ngazi; anayeruka vipago viwili huku macho yamefumbwa ataanguka. Hapa Tanzania, katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, ni watahiniwa kama robo tu waliofaulu Hisabati. Kwa wengi, kasoro ilianza chini, katika madarasa ya msingi.

Akiisha kupimwa na kuonekana yu tayari, yako matengenezo madogo ambayo mwalimu mkuu aweza kuyafanya. Darasa la tatu na la nne wapangiwe kipindi cha hesabu saa moja, ili mtoto avuke mlango kwa kipindi hicho kisha arudi kwa wenzake. Ajaribu kwa muhula mmoja. Akishindwa, arudi bila kuchekwa wala kupigwa. Wala nyumbani asiambiwe kwamba ameaibisha ukoo.

Na ikiwa shule ina watoto themanini katika darasa moja na mwalimu ni mmoja? Basi asogezwe kwenda chini badala ya kwenda mbele, kama mchimba kisima. Husimuliwa kwamba Carl Friedrich Gauss, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1777 katika nyumba ya watu maskini, aliambiwa na mwalimu pamoja na wenzake wajumlishe mfululizo mrefu wa namba, naye akatoa jibu mara moja. Mwalimu yule alimtafutia kitabu kigumu zaidi, na msaidizi wake kijana, Martin Bartels, akawa anasoma naye. Kitabu kimoja na mtu mmoja wa kukaa naye, basi. Jaribu nyumbani: mwambie mtoto ajumlishe moja mpaka kumi bila kuhesabu moja moja. Akiona kwamba moja na kumi ni kumi na moja, mbili na tisa vilevile, na kwamba ziko jozi tano, atakuambia hamsini na tano, naye atacheka kwa furaha. Kisha mwambie afanye moja mpaka mia.

Wapo watakaosema kwamba ni afadhali wote waende pamoja, ili wasio wepesi wasione aibu. Nawaheshimu, maana huruma yao ni ya kweli. Mjini San Francisco, Marekani, wakuu wa shule walifikiri hivyo mwaka 2014, wakaondoa aljebra katika darasa la nane ili watoto wasigawanywe mapema. Nia ilikuwa njema. Lakini wenye fedha waliwalipia watoto wao masomo ya nje, na wasio na fedha wakabaki wakingoja. Mwezi wa Machi 2024 wapiga kura walio wengi wa mji ule walitaka somo lile lirudishwe. Shule ikifunga mlango, mtoto wa tajiri hupitia dirishani. Mtoto wa maskini hana mlango mwingine ila ule wa shule.

Hata hivyo, tusisahau wale wanaobaki. Mwalimu asiseme, “Huyu ana akili, ninyi ni wajinga.” Katika mfano wa talanta hakuna mtumishi aliyeachwa mikono mitupu, kila mmoja alipewa kadiri ya uwezo wake, na kila mmoja aliulizwa alichokifanya. Mwenye moja hakulaumiwa kwa kuwa na moja, ila kwa kuifukia. Nasi twaweza kufukia talanta ya mtoto kwa njia mbili: kwa kumkalisha bure, au kwa kumpandisha juu ili sisi tusifiwe.

Basi, baba na mama, kabla muhula huu haujaisha, chukueni daftari la hesabu la mtoto wenu, mwende kwa mwalimu wake. Msiende na madai, nendeni na swali: Je, mtoto huyu anafanya kazi hapa, au anangoja? Mwulizieni mvulana, na mwulizieni msichana vilevile.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu. Tuonane juma lijalo.