Damu ina chumvi, ndugu

Jamani, juzi jamaa mmoja ameniomba nimwandikie programu ya simu ya kusoma homoni kutoka kwa kihisi cha transista. Nimekataa.

Wazo lenyewe si geni. Piet Bergveld wa Uholanzi alieleza transista inayohisi ioni mwaka wa 1970. Ukipaka kingamwili juu ya geti, protini ikinaswa, chaji yake inabadilisha mkondo wa umeme. Safi kabisa, kwenye karatasi!

Tatizo ni chumvi. Ndani ya damu, ioni huifunika chaji hiyo katika umbali usiofika nanomita 1, na kingamwili yenyewe ina kama nanomita 10. Transista karibu haioni kitu. Ndiyo maana wengi hupimia kwenye maji ya chumvi yaliyozimuliwa. Kotisoli nayo haina hata chaji. Hiyo inataka aptama, ambayo hujikunja ikiinasa. (Kazi hiyo naiheshimu.)

Nikamwuliza jamaa: umejaribu damu nzima? Kimya. Na bado anataka nichore alama ya kijani, mama mwenye uvimbe wa tezi shingoni aione, aache kwenda kliniki. Alete kwanza vipimo vya damu vilivyolinganishwa na vya maabara, ndipo nitafungua kompyuta.