Juventus walirudi, pesa ya mwenye hisa haikurudi

Katikati ya Mei 2006 madalali wa soko la hisa la Milan walikuwa na hisa moja ambayo kila simu iliyoita ilikuwa ya mtu anayetaka kuiuza. Ilikuwa ni hisa ya Juventus, klabu ya Turin iliyokuwa imetwaa ubingwa wa Italia mara nyingi kuliko klabu nyingine yoyote. Magazeti yalikuwa yamechapisha mazungumzo ya simu kati ya viongozi wa klabu hiyo na maofisa wanaopanga waamuzi wa mechi. Bodi nzima ikajiuzulu, bei ikaporomoka, na wenye hisa ndogo ndogo wakabaki wakiulizana kama wauze kwa hasara au wangoje.

Uamuzi ulitoka Julai 14: Juventus washushwe Serie B, yaani daraja la pili, na waanze ligi wakiwa na pointi 30 pungufu. Siku chache baadaye rufaa ilipunguza adhabu hiyo hadi pointi 17. Oktoba 27, ligi ikiwa imekwishaanza, kamati ya usuluhishi ya michezo ikaishusha tena hadi pointi 9. Ubingwa wa misimu miwili nao ukachukuliwa.

Msimu huo wa 2006-07 umesimuliwa mara nyingi kama hadithi njema. Klabu kubwa imeanguka, imetubu, imecheza Jumamosi kwenye viwanja vidogo vya mikoani, na baada ya mwaka mmoja imerudi ilikotoka. Kwa mshabiki hadithi hiyo inatosha. Kwa mtu aliyeweka akiba yake katika hisa za klabu, hadithi haikuishia hapo, na wala haikuisha vizuri.

Inafaa kukumbuka jinsi hisa hizo zilivyouzwa. Juventus waliingia soko la hisa Desemba 2001, baada ya Lazio mwaka 1998 na Roma mwaka 2000. Bei ilikuwa euro 3.70 kwa hisa. Ukoo wa Agnelli, wenye kiwanda cha magari cha Fiat, ulibaki na hisa nyingi kupitia kampuni yao ya uwekezaji, ambayo baadaye ilikuwa IFIL. Shirika la uwekezaji la Libya, Lafico, lilishika asilimia 7.5. Zilizobaki ziligawanyika kwa umma, na katika umma huo walikuwamo wengi walionunua kwa moyo, yaani kwa sababu baba zao na babu zao walishangilia jezi ya mistari myeusi na myeupe. Hakuna ubaya kununua kwa moyo, ila soko halimtofautishi mnunuzi wa namna hiyo na mwingine.

Mnunuzi huyo alinunua nini hasa? Klabu ya soka haina shehena ghalani. Ina mikataba ya wachezaji, ina mkataba wa televisheni, ina wadhamini na ina viingilio vya mlangoni. Vyote vinne vinategemea jambo moja: klabu iko daraja gani. Likibadilika hilo, mambo mengine yote hubadilika, isipokuwa mishahara, ambayo mikataba yake ilisainiwa zamani na lazima ilipwe kila mwezi.

Ndiyo maana jambo la kwanza walilofanya viongozi wapya, Giovanni Cobolli Gigli kama mwenyekiti na Jean-Claude Blanc kama mtendaji mkuu, lilikuwa kuuza. Zlatan Ibrahimović alikwenda Inter kwa euro milioni 24.8 na Patrick Vieira akamfuata huko huko kwa euro milioni 9.5. Gianluca Zambrotta na Lilian Thuram walikwenda Barcelona. Fabio Cannavaro, nahodha aliyenyanyua Kombe la Dunia mjini Berlin Julai 9, pamoja na Emerson, walikwenda Real Madrid. Kila mfanyabiashara anajua bei ya mwenye duka anayelazimika kuuza kabla ya mwisho wa mwezi. Wanunuzi walijua fika kwamba Juventus hawawezi kubeba mishahara ile katika Serie B, wakapanga bei kwa kulijua hilo.

Waliobaki waliibakiza klabu na thamani yake. Gianluigi Buffon, kipa bingwa wa dunia, alikubali kucheza daraja la pili. Alikubali pia Alessandro Del Piero, na pamoja nao Pavel Nedvěd, David Trezeguet na Mauro Camoranesi. Katika mizania ya mwaka ule hakuna mstari wa uaminifu wa mchezaji, lakini bila watu hao watano pengine hakuna mdhamini ambaye angeendelea kuitazama jezi hiyo. Del Piero alimaliza akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 20.

Mechi ya kwanza ilichezwa Rimini Septemba 9, 2006. Juventus walitoka sare ya bao 1-1 na timu ambayo nje ya Italia ilijulikana na wachache. Baada ya hapo kocha Didier Deschamps aliweka mambo sawa, na Mei 19, 2007 ushindi wa mabao 5-1 nyumbani kwa Arezzo ukakamilisha kupanda daraja. Wiki moja baadaye Deschamps alijiuzulu, jambo linaloonyesha kwamba hata kwenye sherehe mambo ya ndani hayakuwa shwari.

Hapa ndipo wengi husema: basi hatari ilikuwa ya nini? Timu ilikuwa bora kuliko ligi yake, na mwenye akili angeshikilia hisa zake bila wasiwasi. Kauli hiyo ni rahisi kuitoa baada ya matokeo kujulikana. Msimamo wa ligi unasema mambo mengine.

Juventus walimaliza wa kwanza kwa pointi 85, Napoli 79, Genoa 78, Piacenza 68 na Rimini 67. Kwa taratibu za Serie B wakati ule, timu mbili za juu zilipanda moja kwa moja. Nafasi ya tatu iliamuliwa kwa mechi za mchujo, isipokuwa timu ya tatu iwe imeizidi ya nne kwa pointi 10 au zaidi. Uwanjani, katika mechi 42, Juventus walivuna pointi 94. Ukitoa 9 unapata 85. Lakini tuseme kamati ya usuluhishi ingekataa kupunguza adhabu mwezi Oktoba, na matokeo yangebaki yale yale. Pointi 94 ukitoa 17 ni 77. Juventus wangekuwa wa tatu, nyuma ya Napoli na Genoa, wakiizidi Piacenza kwa pointi 9 tu. Maana yake ni mechi za mchujo, ambako bao moja la kona lingeweza kuirudisha klabu Serie B kwa mwaka wa pili. Na kama adhabu ya awali ya pointi 30 ingesimama, wangeishia na 64, nyuma ya Piacenza na Rimini.

Kwa hiyo mwenye hisa aliokolewa na mabao ya Del Piero, lakini aliokolewa vilevile na meza ya mawakili. Hakuna waraka wa kuuzia hisa unaoweza kumweleza mtu hatari ya namna hiyo kwa tarakimu.

Wenzao waliopanda pamoja nao walikuwa na mashaka yao pia, ila wenye klabu walikuwa watu tofauti. Napoli walifilisika mwaka 2004 na kuokotwa na mtengenezaji filamu, Aurelio De Laurentiis, wakaanzia daraja la tatu. Genoa, ya mfanyabiashara wa vichezeo Enrico Preziosi, ilimaliza ya kwanza katika Serie B mwaka 2005 kisha ikashushwa hadi daraja la tatu kwa kosa la kupanga matokeo. Siku ya mwisho, Juni 10, 2007, timu hizo mbili zilitoka sare ya 0-0 mjini Genoa, zikasubiri habari za Piacenza waliokuwa wakicheza Trieste. Piacenza hawakushinda, tofauti ikabaki pointi 10 kamili, na wote wawili wakapanda bila mchujo. Siku hiyo hiyo Juventus, ambao hawakuwa na cha kupoteza, walifungwa nyumbani 3-2 na Spezia. Spezia wakapata nafasi ya kujiokoa, wakawashusha Verona, mabingwa wa Italia wa mwaka 1985. Arezzo nao, walioanza na pointi 6 pungufu kwa sakata lile lile, walishuka. Katika Napoli na Genoa, aliyepata hasara au faida ni tajiri mmoja kwa mfuko wake mwenyewe. Katika Juventus palikuwa na umma.

Sasa hesabu. Kampuni ya Deloitte, ambayo kila mwaka hupanga klabu tajiri za soka, iliweka mapato ya Juventus ya msimu wa 2005-06 kuwa euro milioni 251.2, ya tatu duniani. Msimu wa Serie B yalikuwa euro milioni 145.2, nafasi ya 12. Pengo ni euro milioni 106 kwa mwaka mmoja, bila kuhesabu mauzo ya wachezaji. Na mwaka huo huo wa 2007 klabu iliwaendea wenye hisa wake kuomba mtaji mpya. Kiasi kilichotafutwa kilikuwa euro milioni 104.8. Huenda ni sadfa tu tarakimu hizo mbili kukaribiana, lakini ni sadfa ya kutazamwa.

Utaratibu ulikuwa hivi: mwenye hisa 3 za zamani aliruhusiwa kununua 2 mpya kwa euro 1.30 kila moja. Mtu aliyenunua hisa 300 mwaka 2001 alikuwa ametoa euro 1,110. Sasa alitakiwa kuongeza euro 260 ili abaki na sehemu yake ile ile ya kampuni. Asiyekuwa nazo, au aliyechoka, hakunyang'anywa hisa zake, ila sehemu yake ilipungua hadi asilimia 60 ya ilivyokuwa. IFIL walilipa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na ukoo ule ulikuwa na sababu ya kukinoa.

Wapo wanaojibu kwamba pesa hizo hazikupotea, kwamba klabu ilisafishwa, mishahara ikashuka, na mwaka 2011 ukafunguliwa uwanja mpya wa klabu yenyewe wenye viti zaidi ya 40,000. Yote hayo ni kweli. Msimu wa kwanza baada ya kurudi Juventus walimaliza wa tatu Serie A, na baadaye wakatwaa ubingwa miaka 9 mfululizo. Lakini kampuni kupona ni jambo moja, na mwenye hisa wa zamani kupona ni jambo lingine. Mtaji unaoiponya kampuni hutoka mahali, na ukitoka kwa hisa mpya za bei ya chini, mgonjwa na mlipaji si mtu mmoja.

Mwenye hisa 300 aliyelipa mwaka 2007 alikuwa na hisa 500. Kabla ya Januari 2012 kuisha, klabu ilikuwa imemwendea tena: hisa 4 mpya kwa kila 1 ya zamani, kwa euro 0.1488. Hiyo ni hisa 2,000 na euro 297.60 nyingine, kwa mtu aliyeanza safari yake kwenye euro 3.70.