Shokomzoba za bei nafuu: lipia mafuta, usilipie rangi

Wasomaji wangu mmezoea niandike kuhusu programu, lakini leo mniwie radhi, kibodi yangu ina grisi. Mimi na rafiki yangu tumenunua pikapu kuukuu, Toyota Hilux, tukitaka kuingia mbio za nyikani. Hela ni za kuhesabu. Kilichotugombanisha ni swali moja: tuweke shokomzoba zipi?

Kwanza tuelewane. Shokomzoba haibebi uzito wa gari, hiyo ni kazi ya springi. Yenyewe huituliza springi isiendelee kurukaruka. Ndani yake pistoni husukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na ule mtikisiko hugeuka joto. Basi kuliko shimo moja kubwa, ogopa yale mawimbi madogo ya barabara ya vumbi, kilomita baada ya kilomita, ambayo huyachemsha mafuta bila kuyapa nafasi ya kupoa.

Zile rahisi kabisa zina mabomba mawili, moja ndani ya jingine, na katika nyingi hewa na mafuta hukaa pamoja. Zikitikiswa sana mafuta hufanya povu, na povu halizuii kitu. Tulifunga za namna hiyo. Baada ya dakika 20 gari liliyumba kama mashua, nasi tulikuwa wawili ndani. Aliyetuuzia aliapa kwamba ni za mashindano. Kumbe ni rangi nyekundu tu!

Za bomba moja hutenga mafuta na gesi ya naitrojeni kwa pistoni ya pili inayoelea, na joto hutoka moja kwa moja kupitia ukuta wa bomba. Bilstein 5100 ni mfano unaojulikana. Rafiki yangu anataka zenye kopo la nje na vibonye vya kurekebishia. Kopo silikatai, huongeza mafuta na kusaidia kupoza. Lakini vibonye? Asiyejua bado tabia ya gari lake atarekebisha nini? Ni kama kununua seva kubwa kabla ya kupima programu inakwama wapi.

Tena, angalia mashindano yenyewe. Katika Rhino Charge, iliyoanza 1989, mshindi hupitia vituo 13 kwa umbali mfupi zaidi ndani ya saa 10. Kwenye mawe unatambaa, kwa hiyo joto si tatizo kubwa. Baja 1000 ya Mexico, iliyoanza 1967, ni mwendo kasi jangwani, na huko joto ndilo mtihani.

Kwa hivyo ushauri wangu: badilisha kwanza bushi na raba za kuzuia kugonga. Kisha nunua seti nzima ya bomba moja, yenye urefu unaolifaa gari, na ukiweza, zinazofunguka ili ubadilishe sili na mafuta. Vibonye baadaye.

Rafiki yangu bado hajakubali. Hela ni zetu sote wawili, lakini usukani ninaushika mimi.