Leseni ya Boxer isiwe leseni ya R1

BARABARANI
Na Salum Kibwana

Leseni za udereva za Tanzania zina Daraja A kwa pikipiki ambazo injini yake inazidi cc 125. Boxer ya cc 150, ile inayobeba abiria wa Mbezi na Kimara tangu alfajiri, imo humo. Yamaha R1 ya cc 998 nayo imo humo humo. Kijana aliyejifunzia kwenye Boxer na kutahiniwa kwa Boxer anaweza kesho asubuhi kulipia R1 iliyotumika, akaondoka nayo hadi Chalinze bila kuvunja masharti ya leseni yake. Askari wa usalama barabarani akimsimamisha, karatasi zake ni safi.

Hilo ni pengo, na wanaoliingia nawaona. Ni vijana waliokaa miaka kwenye Boxer na TVS, wakajinyima, wakacheza mchezo na wenzao kijiweni, hadi siku fedha ilipotimia wakaruka moja kwa moja kwenye cc 600 au cc 1000. Katikati hawakupitia kitu chochote.

Nisieleweke vibaya. Pikipiki kubwa naipenda. Jumapili alfajiri, Barabara ya Bagamoyo ikiwa bado tupu, zikipita tatu au nne zikielekea Bunju huwa nasimama niziangalie hadi zipotee. Ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima. Tadao Baba wa Honda alipotoa Fireblade mwaka 1992, alichokuwa akikitafuta ni wepesi: pikipiki ya karibu cc 900 yenye uzito wa zile za cc 600. Yamaha wakajibu mwaka 1998 kwa R1, kilo 177 kabla ya kutia mafuta, nguvu za farasi 150. Mwaka uliofuata Suzuki wakatoa Hayabusa, mashine ya mwendo wa kilomita 300 kwa saa, hadi watengenezaji wenyewe wakakubaliana kuishia 299. Kijana anayetamani chuma cha namna hiyo hana kosa, wala siandiki ili aache kukitamani. Nataka akifikie akiwa mzima, na aendelee kuwa mzima.

Tuanze na nguvu. Boxer ya cc 150 ina nguvu za farasi 12 hivi. R1 ile ya kwanza ina zaidi ya mara kumi na mbili ya hizo, na za miaka ya karibuni zinafika 200 au karibu yake, ilhali uzito wake haufiki mara mbili ya Boxer. Kwenye Boxer ukivuta mafuta yote kwa pupa, injini inapiga kelele, pikipiki inaondoka kwa kujikokota, na unapata muda wa kujirudi. Kwenye R1 mvuto huo huo wa mkono unakufikisha kilomita 100 kwa saa kwa sekunde kama tatu, ukiwa bado kwenye gia ya kwanza. Gurudumu la mbele linaweza kuinuka. Mwili unasukumwa nyuma, mikono inang'ang'ania mpini ili usidondoke, na kwa kung'ang'ania huko mkono wa kulia unazidi kuvuta mafuta. Mtu hajaamua kuongeza mwendo. Mwendo umeongezwa na hofu yake.

Jibu ninalopewa kila ninapoyasema haya ni moja: "Kaka, mimi nimeendesha miaka mitano, barabara hii naijua." Sina shaka na miaka hiyo. Dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam anajua kusoma foleni na kuhisi daladala inayotaka kuchomoka kabla haijachomoka, na anajua mahali lami ilipokatika kati ya Ubungo na Mwenge. Lakini sehemu kubwa ya ujuzi huo imo mikononi na miguuni, na mikono na miguu hiyo imefundishwa na pikipiki ya farasi 12.

Mwaka 1981 Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali za pikipiki zipatazo 900 za eneo la Los Angeles, wachunguzi wakienda wenyewe mahali pa tukio. Ni utafiti wa zamani na wa mbali, lakini jambo moja ndani yake linatuhusu sana. Zaidi ya nusu ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa na chini ya miezi mitano kwenye pikipiki ile waliyoanguka nayo, ingawa kwa ujumla walikuwa wameendesha barabarani karibu miaka mitatu. Na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wamejifundisha wenyewe, au wamefundishwa na ndugu na rafiki. Ukisoma hapo ni kama unasoma habari za kijiwe chochote cha hapa. Hawakuwa wageni wa barabara. Walikuwa wageni wa pikipiki waliyoikalia.

Kuna jambo la pili katika ripoti hiyo: walipolazimika kusimama ghafla, wengi walikanyaga mno breki ya nyuma hadi tairi likaserereka, na ile ya mbele wakaitumia kidogo mno. Hili nataka kulikalia, maana ndipo tabia ya bodaboda inapogeuka hatari.

Hivi karibuni nilikaa kwenye gereji moja ya Magomeni, fundi akifanyia sevisi pikipiki za vijana wa jirani. Alishika breki ya mkono ya Boxer moja akaiminya. Ikaja yote hadi ikagusa mpini, na gurudumu la mbele, lililokuwa limeinuliwa, likaendelea kuzunguka. Kebo ilikuwa imelegea na kuota kutu pale inapoingia kwenye drami. Akahamia nyuma, akafungua: breki ilikuwa imeliwa mpaka chuma. "Hii ya mbele hawaitaki, kaka," akaniambia huku akijifuta mikono. "Wanaamini inapindua. Kuna wanaoniambia niifungue kabisa."

Imani hiyo haikutoka hewani. Kwenye mchanga wa mitaa ya Mbagala, ukiwa na abiria na mwendo wa kilomita 30, breki ya mbele ikibanwa ghafla kweli inaangusha, na breki ya mguu inatosha. Sasa mpeleke kijana huyo huyo kwenye lami, mwendo 120, pikipiki ya kilo 200. Anapofunga breki uzito unakimbilia mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, pengine haligusi lami sawasawa, na mguu wake, uliozoeshwa miaka mitano, unalikanyaga kwa nguvu zote. Linafunga. Pikipiki inaanza kwenda ubavu. Akigutuka akakumbuka ya mbele, anaiminya kama alivyokuwa akiiminya ile kebo iliyolegea, hadi mwisho, kumbe safari hii kuna diski mbili zinazoitikia kidole kimoja.

Breki ya mbele ya pikipiki kubwa hubanwa kwa awamu: unagusa, unasubiri uzito ushuke kwenye tairi la mbele, kisha unaongeza. Maelezo yake ni ya nusu dakika, ila mkono unahitaji miezi ya mazoezi hadi uyafanye wenyewe wakati akili imeshtuka. ABS inasaidia mno, na Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa pikipiki mpya zinazozidi cc 125. Lakini pikipiki nyingi zinazotamaniwa hapa kwa bei nafuu ni za kabla ya sheria hiyo, hazina kitu.

Kona nazo zina somo lake. Kwenye mwendo mkubwa pikipiki hulazwa kwa kusukuma mpini wa upande unakotaka kwenda, na macho hutangulia kule unakotaka kutokea. Anayetazama lori lililo mbele yake kwa woga hulifuata.

Kisha kuna barabara zenyewe. Kimara hadi Kibaha tumepata njia nane, na mtu akiwa juu ya R1 anaiona kama uwanja wa mashindano. Ni barabara ya watu. Wanavuka wanafunzi, wanavuka akina mama wenye ndoo, na bajaji inaingia kutoka pembeni bila kutazama. Kwa kilomita 100 kwa saa unakula mita 28 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo inayokwisha kabla hujaanza hata kubana breki. Ukishatoka mjini, kila kijiji kina matuta yake, na rangi ya baadhi ya matuta imefutika zamani.

Kuna hatari nyingine ambayo sijasikia ikizungumzwa. Dereva wa gari anayetaka kukata kulia huona taa moja kwa mbali, na kichwani mwake taa moja ni bodaboda. Mwendo wa bodaboda anaujua kwa mazoea, basi anakadiria kuwa nafasi ipo, anakata. Kumbe kinachokuja kinatembea mara mbili ya makadirio yake. Gari kukata mbele ya pikipiki ndilo lililoongoza hata kule Los Angeles katika migongano ya magari na pikipiki. Hapa kwetu, mwendesha pikipiki kubwa amezungukwa na madereva ambao macho yao yamezoea Boxer.

Wahenga walisema mzoea punda hapandi farasi. Mimi nasema atapanda, ila apandishwe kwa ngazi. Mtazame Valentino Rossi. Aliingia mbio za dunia mwaka 1996 kwenye cc 125, akawa bingwa 1997. Akapanda cc 250 mwaka 1998, akawa bingwa 1999. Akapanda cc 500 mwaka 2000, akawa bingwa 2001. Mtu mwenye kipaji kile, kwenye viwanja visivyo na bajaji wala ng'ombe, alijifunza daraja moja kabla ya kugusa jingine. Sioni kwa nini kijana wa Tabata aruke.

Nchi nyingine zimeliweka jambo hili kwenye sheria. Singapore wana madaraja matatu: hadi cc 200, hadi cc 400, kisha zaidi ya hapo, na huruhusiwi kupanda kabla ya mwaka kupita. Ulaya wanaanzia cc 125, wanafuata pikipiki zisizozidi kilowati 35, ambazo ni farasi 47 hivi, na asiyetaka kungoja umri mkubwa zaidi lazima awe na miaka miwili kwenye daraja hilo la kati ndipo aruhusiwe kubwa isiyo na kikomo. Wamepima nguvu, hawakupima injini peke yake, na nadhani hapo wametuzidi maarifa.

Pikipiki ya kati ipo na inapatikana: Kawasaki Ninja 300 au 400, Yamaha R3 yenye farasi 42, KTM 390, Honda CBR500R. Mwendo wake unatosha kwa safari ya Morogoro na Iringa, umbo lake ni lile lile la kuinama, na breki za diski zitaufundisha mkono wako. Ila ukikosea kuvuta mafuta, inakusamehe. Kaa nayo mwaka, mvua na kiangazi, ndipo uamue.

Najua mtu atasema hiyo ni gharama mara mbili. Ni kweli utanunua mara mbili, lakini ile ya kati utaiuza kwa mwenzako anayekufuata kwenye ngazi, na kitakachopungua ni kidogo ukilinganisha na bili ya mfupa wa paja uliovunjika. Wapo wanaosema wao wana miili mikubwa, wengine kwamba wataivuta taratibu. Mwili mkubwa haupunguzi farasi 150, na dhamira ya kwenda taratibu hudumu hadi mwenzako akupite.

Kwa aliyekwisha kununua, anza na tairi. Ubavuni utakuta herufi DOT, na mwisho wa mfululizo wake tarakimu nne ndani ya kiduara. Zikisomeka 2314, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Linaweza kuwa na kashata nzuri, likaonekana jipya kabisa, na mpira wake umekakamaa haushiki tena lami. Badilisha kabla hujatoka uani. Kisha tafuta eneo lenye lami lisilo na magari, fanya breki ya mbele kwa mwendo mdogo, rudia hadi uchoke, na urudi tena wiki ijayo. Helmeti, glavu na jaketi la ngozi viwe ndani ya bajeti ya pikipiki tangu mwanzo.

Kwa wenye dhamana ya leseni ombi langu ni fupi. Igaweni Daraja A. Wekeni kikomo cha nguvu kwa anayeanza, wekeni muda wa kusubiri, na wekeni mtihani wa breki na kukwepa juu ya pikipiki ya daraja lile analoliomba mtu, badala ya kumpima kwa Boxer na kumkabidhi kibali cha Hayabusa. Hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kanuni, uwanja na mkufunzi anayejua kazi.

Na wewe kijana, muuzaji akikuhimiza uichukue cc 1000 leo hii bila hata kukuuliza umekuwa ukiendesha nini, mwachie pikipiki yake.