Tairi la meno si dawa ya kila barabara

Mwandishi anayetushauri tufunge tairi pana lenye kashata kubwa kwa kila safari ndefu ya vumbi, kwa sababu ndilo “la jangwani”, amekosea mara mbili.

Kwanza, hata jangwani halifai. Kwenye mchanga laini kashata kubwa huchimba, na gari hukaa kwa tumbo. Kinachookoa ni kupunguza upepo ili tairi lilale na kukanyaga eneo refu zaidi, kisha kuujaza tena ukifika barabara ngumu.

Pili, mkoa wa Mara si jangwa. Toka Tarime hadi Mugumu, uingie hifadhini kwa geti la Ikoma, upite Seronera hadi Naabi: utakuta changarawe, vumbi na barabara iliyojikunja kama bati la paa. Mawe makali hukata ubavu wa tairi, na ukipunguza upepo kiholela ubavu hutanuka, tairi likachemka na kupasuka. Tairi la kashata kubwa, yaani la tope, lina kazi yake masika, udongo wa mbuga unapogeuka utelezi. Kwa miezi mingine, tairi la mchanganyiko lenye ubavu mgumu, la daraja la magari ya mizigo, linatosha.

Kabla ya kulipa, soma tarakimu 4 ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Kashata nzuri hazifichi mpira uliozeeka. Beba matairi mawili ya akiba na pampu, na ndani ya hifadhi usizidi kilomita 50 kwa saa. Mwendo huo huokoa tairi zaidi kuliko meno yake.