Majivu na Ardhi Isiyopumzika



Kila kiangazi milima ya Masisi huwaka. Wafugaji huchoma malisho ili majani mateke yachipuke; wakulima huchoma mabua na vichaka. Kule Walikale msitu hukatwa, huachwa ukauke, kisha hutiwa moto. Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile: majivu ni mbolea. Neno hilo ni nusu ya ukweli, nayo inatugharimu sana.

Ni kweli, majivu yana kalisi, potasi na fosforasi kidogo. Hupunguza asidi ya udongo mwekundu wa Walikale, na mavuno ya kwanza hupendeza. Lakini naitrojeni na salfa, ambazo mmea hauwezi kuishi bila hizo, hugeuka hewa na kuondoka na moshi. Mboji iliyoshika maji na chakula cha mmea huungua. Potasi huyeyuka upesi ikasombwa na mvua. Misimu miwili au mitatu ikipita, asidi hurejea, shamba huchoka, na mkulima hutafuta msitu mwingine. Ndivyo mtu anavyokula mbegu akasema ameshiba.

Moshi nao hautoweki. Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha vipimo vya msitu wa Bonde la Kongo: kila hekta ilipokea kutoka angani takriban kilo 18 za naitrojeni kwa mwaka, nyingi yake ikitokana na mioto. Alichopoteza mmoja humwangukia mwingine asiyekiomba. Vivyo hivyo udongo ulioachwa wazi kwenye miteremko ya Masisi huteremka na maji kuelekea Mto Lowa, nao ndugu zetu wa Walikale hupokea tope.

Hapa ndipo mahubiri yetu yanapokosea. Tumezoea kumkemea mama mwenye jembe na kiberiti. Tunamsomea Walawi 25: ardhi ipumzike mwaka wa saba. Apumzishe nini, yeye anayelima kipande cha kukodi? Sheria ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali, na huko Masisi wenye vyeo na fedha wakajitwalia malisho mapana ya ng'ombe. Wanyonge wakasukumwa kwenye miteremko mikali na ndani ya msitu. Vita vikawafukuza hata huko. Sura ile ile ya Walawi inaamuru pia kwamba mwaka wa hamsini ardhi irudi kwa wenyewe. Aya hizo hatuzisomi kwa sauti kubwa, hasa mwenye ng'ombe anapokaa kiti cha mbele.

Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alilitaja Bonde la Kongo pamoja na Amazonia kuwa mapafu ya dunia. Tunalirudia kwa fahari kwenye semina, kisha tunarudi nyumbani kupitia moshi.

Basi tudai yanayowezekana. Parokia zenye ardhi ziache kuichoma, mabua yafunike udongo yakaoze humo. Wasio na shamba wakodishwe ardhi hiyo kwa miaka mingi, si kwa msimu mmoja. Hakuna anayepeleka samadi wala kupanda mti mahali atakapofukuzwa baada ya mavuno. Na wenye malisho makubwa waalikwe kwenye baraza la parokia kabla ya mwezi wa sita, waulizwe mbele ya majirani zao nani huwasha moto, na nani hulima chini ya mteremko ule.