Shida bila faraja haimwandai mtu

Msimu wa mikutano ya injili ukifika, hapa Nyololo hatukosi mhubiri wa kutoka mjini wa kutueleza kwamba Mungu humpitisha mtu motoni kabla ya kumtumia. Watu huitikia amina. Mimi ni mzee wa kanisa, nami huitikia, ila kwa sauti ya chini. Nimewaona wengi waliopita kwenye moto huo wakatoka hawataki hata kusikia kengele ya Jumapili.

Nyololo ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapa, kati ya Mafinga na Makambako, na nyingine inachepuka kuelekea Igowole na Mgololo, kwenye chai, misitu na kiwanda cha karatasi. Malori ya mbao, madereva wa safari ndefu, vibarua wa kuchuma chai walioacha familia zao mbali: fedha imepita hapa miaka yote, na Ukimwi ukaifuata. Utafiti wa kitaifa wa 2007/08 ulikuta kwamba mkoani Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake, asilimia 15.7 ya watu wazima wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi. Kwa nchi nzima ilikuwa 5.7. Huku kwetu hatukuhitaji kusubiri takwimu. Mafundi seremala walikuwa wameacha kutengeneza vitanda, wanashindia majeneza.

Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi mwishoni mwa 2004, lakini zilikawia kufika vijijini. Mume wangu hakuziwahi. Mimi niliziwahi, nikiwa nimekonda hata khanga haikai kiunoni.

Wakati huo alikuwepo mama mmoja mjane wa jumuiya yetu aliyekuwa akija na uji wa ulezi. Hakuwa na maneno mengi. Alifua mashuka, akachota maji, akakaa. Siku ya kliniki alinishika mkono hadi barabarani tukasubiri gari. Mwenzangu mwingine, tuliyeugua pamoja, yeye aliitwa mbele ya wazee wa kanisa lake atubu kwanza, wakati mwenye kuuleta ugonjwa ule nyumbani alikuwa ameshazikwa kwa heshima zote. Leo sote wawili tuna afya. Yeye ana duka zuri kuliko nyumba yangu, dawa anameza kwa wakati, ila ukimtajia habari za kanisa anakupa chenji yako na kugeukia mteja mwingine. Simlaumu.

Ugonjwa ulikuwa mmoja, na mji ni huu huu. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema dhiki yenyewe ndiyo shule. Mtume Paulo, mwanzoni mwa waraka wake wa pili kwa Wakorintho, anaeleza kwamba faraja tuliyoipokea tukiwa taabuni ndiyo inayotuwezesha kuwafariji walio taabuni. Sasa aliyeachwa peke yake atatoa nini? Atatoa alichopewa.

Mimi nilipewa, kwa hiyo nina cha kutoa. Nilikuja kuwa WAVIU mshauri, yaani mwenye virusi anayewashauri wenzake, nikawa nafuatilia watoro wa dawa. Utingo wa lori anayeficha tembe zake ili bosi asimwachishe kazi hawezi kunidanganya kwamba anameza, maana nami niliwahi kuzificha ndani ya unga. Kabla ya kumuuliza mtu habari ya dawa namuuliza amekula nini, kwa sababu ukianza dawa zile tumbo likiwa tupu unatamani kuziacha. Mchungaji wetu ni msomi na ninampenda, lakini swali hilo hakulijua mpaka alipotusikia tukiliuliza.

Ukanda huu una mfano mkubwa zaidi wa watu kutoa walichopewa. Wamisionari wa Berlin waliingia Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, wakajenga vituo kama Kidugala na Ilembula huko Ubena. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipopanda huku, Wajerumani wale wakaondolewa. Chakula kilikuwa haba na vijana walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita, ila makanisa hayakufa. Walimu na wazee wenyeji waliendelea kufundisha na kuongoza ibada mpaka wamisionari waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Nadhani waliweza kwa sababu vita iliwakuta tayari wanajua kusoma, na tayari wamezoea kusimama mbele ya watu. Na wageni waliporudi? Viti vikuu vikarudi kwao.

Hapo ndipo ninapoona tunarudia. Leo tukipenda ushuhuda, tunamwita mtu aliyepona asimame madhabahuni, watu walie, sadaka ipite. Kikao cha kupanga matumizi kikifika, yule mtu yuko nje anaosha vikombe. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wahudumu wengi wa ngazi ya jamii waliokuwa wakitegemea miradi ya misaada hiyo walikosa hata posho ya nauli. Sikusikia mahubiri mengi kuhusu hilo. Nilisikia harambee za vipaza sauti, na kwa kweli tulivyonavyo vinatosha kusikika hadi Makambako.

Kama kweli tunaamini kwamba Mungu amewaandaa watu hawa, basi wapewe kazi na nafasi ya kuamua, na nauli. Pikipiki kutoka njia panda kwenda vijiji vya ndani hailipwi kwa amina. Nimepeleka pendekezo kwenye mkutano mkuu wa usharika. Mtunza hazina ameniambia bajeti haina kifungu cha jambo hilo, nami nimemwomba akifungue.